Mlevi Anayeng'arisha Magari

Boneti niliyoiharibu ilikuwa ya Toyota moja rangi ya damu ya mzee. Nasema niliyoiharibu mimi, si mashine, maana nilishajaribu kuisingizia mashine na mjomba hakunielewa. Ilikuwa ile mashine ya kupigia polishi ya duara, yenye manyoya ya kondoo usoni, inayozunguka kama feni. Nilikuwa na miezi minne tangu matokeo ya kidato cha nne yanitupe nje, na mjomba alikuwa amenichukua gerejini kwake hapa Dar badala ya kuniacha nizeeke kijiweni. Siku hiyo akaniachia boneti nzima. Nikaisukuma mashine, rangi ikaanza kunirudishia sura yangu, nikafurahi, na akili ikahamia kwenye riwaya niliyokuwa naiandika usiku kwenye kaunta buku, sura ya saba, pale shujaa anaposhuka kwenye treni na hamkuti mtu wa kumpokea. Ghafla nikasikia harufu. Kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapopinda, palitokea alama iliyopauka, ukubwa wa sarafu, na katikati yake kijivu. Ile kijivu ni praima. Maana yake rangi imekwisha.

Mjomba alikuja akaweka kidole. "Mjomba," akaniambia, "umeila rangi ya mtu." Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Boneti ikapigwa rangi upya, na kwa miezi mitatu nikapokea nusu ya ujira.

Pale gereji palikuwa na mzee mmoja ambaye jina lake silitaji. Sote tulimwita Mzee Rabingi. Hakuwa mwajiriwa, alikuwa deiwaka: gari likishapigwa rangi anaitwa, anakuja na kopo la maji, sponji na fulana kuukuu iliyochanika, anasugua kwa mkono kutwa, jioni analipwa anaondoka. Wakati wa msiba wangu alikuwa amekaa chini ya mwembe anakula mihogo. Alipomaliza akanawa, akaja kuangalia lile jeraha, akasema: "Kijana, mashine yako inazunguka palepale. Mkono wa mtu hauwezi kuzunguka palepale hata ukitaka."

Niliyapuuza. Niliona ni maneno ya mzee anayeogopa mashine.

Mwaka uliofuata mjomba akarudi na mashine nyingine, aliyoinunua kwa seremala mmoja wa Keko aliyekuwa anafunga karakana. Ilikuwa mashine ya msasa, ya kusawazishia mbao za vitanda na makabati. Nikadhani mzee wa watu kachanganyikiwa. Lakini ukiiwasha hewani uso wake hauzunguki kama feni. Unatetemeka, unayumba, unajizungusha kidogo kama unaotafuta mlango wa nyumbani usiku. Hapohapo tukaibatiza Mlevi. Mjomba akabandua msasa, akabandika sponji, akatia dawa ya rabingi kiasi cha njegere tatu, akashusha mwendo hadi namba ya chini, akamfungulia Mlevi juu ya mlango wa gari moja la zamani. Nilisubiri harufu. Haikuja.

Basi ndugu msomaji, nikajiuliza swali ambalo limenipeleka Maktaba Kuu mara nyingi kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya: mashine ya seremala imefikaje kwenye gari? Jibu nililolipata linashangaza kwa urahisi wake. Haikuja ugenini. Imerudi nyumbani.

Magari ya mwanzo ya Ulaya na Marekani yalitengenezwa na watu waliokuwa wakitengeneza magari ya farasi. Bodi ilikuwa mbao, au fremu ya mbao iliyovikwa bati, na rangi ilipakwa kwa brashi kama unavyopaka kabati. Tabaka la kwanza, subiri likauke, sugua. La pili, subiri, sugua. Halafu vanishi, tabaka juu ya tabaka. Walisugua kwa unga wa jiwe la pumisi, ndugu wa lile jiwe jepesi tunalosugulia nyayo, wakiuchanganya na maji, wakimalizia na unga laini zaidi. Ilikuwa kazi ya wiki mbili hadi nne, na kwa gari la tajiri ilizidi hapo. Hata dawa zenyewe zilitoka mbaoni: Meguiar, jina ambalo leo kila mpenda magari wa Marekani analijua, alianza mwaka 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani. Mwaka 1910 ikaja Simoniz, nayo ikavuma mpaka Wamarekani wakaligeuza jina lake kuwa kitenzi, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno kolgeti.

Hapo ndipo viwanda vilipokwama. Mwaka 1913 Henry Ford alianzisha mstari wa kuunganishia magari unaotembea, pale Highland Park, na fremu iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa ikawa inachukua kama saa moja na nusu. Vizuri sana. Lakini rangi haijui haraka ya bosi. Piga hesabu mwenyewe: kiwanda kinatoa magari 1,000 kwa siku, kila gari linasubiri siku 21 likauke. Maana yake una magari 21,000 yamesimama ndani ya mabanda, hayafanyi kitu, yanalindwa na vumbi kama maharusi. Ford alilimaliza tatizo lake kwa ubabe: tangu 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kwa rangi moja, nyeusi, ya aina yenye lami ndani yake, ambayo huweza kukaushwa kwenye tanuri. Watu wanacheka kwamba Ford alipenda nyeusi. Mimi naona hakupenda kusubiri.

Washindani wake wa General Motors walikuja na njia nyingine, na hapa historia inanuka baruti. Kampuni ya DuPont ilikuwa imeanza mwaka 1802 kama kiwanda cha baruti. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilitengeneza milipuko kwa wingi wa kutisha, na malighafi mojawapo ilikuwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki. Vita ikaisha 1918, pamba ya milipuko haina mnunuzi. Pamba hiyohiyo ukiiyeyusha inatoa laka, aina ya rangi inayokauka upesi mno. Shida yake ilikuwa uzito. Ukiifanya nyepesi ya kupulizika, inabaki utando mwembamba usiofaa kitu. Mwaka 1920 wanakemia wa DuPont, kwa bahati zaidi ya akili, wakapata namna ya kuipata nyepesi na bado iwe na mwili. DuPont ilikuwa na hisa nyingi ndani ya General Motors, hivyo soko lilikuwa ndani ya nyumba. Laka hiyo ikaitwa Duco. Mwaka 1923 ikaonekana kwenye magari ya Oakland ya toleo la 1924, rangi ya bluu, na wiki zikageuka kuwa saa.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa General Motors. Eti alimwalika fundi mmoja mbishi wa mambo ya rangi chakula cha mchana, akamwuliza kwa mzaha angependa rangi gani kwenye gari lake. Yule bwana akachagua. Walipotoka kula, akawa anazunguka nje analitafuta gari lake halioni, kumbe limesimama mbele yake, limeshapigwa rangi ileile aliyoichagua mezani. Kama ni kweli yote ama kimetiwa chumvi, mimi kama mwandishi ningependa kukiandika mimi.

Lakini sikiliza jambo ambalo kisa hicho hakilisemi. Laka ya Duco haikutoka kwenye bunduki ya rangi ikiwa inang'aa. Ilikauka ikiwa imefifia, ina vipele vidogo kama ganda la chungwa. Ili ing'ae ilibidi isuguliwe. Muda wa kusubiri uliondolewa, kazi ya kusugua ikabaki, tena ikaongezeka, kwa sababu sasa magari yalikuwa yanamiminika. Na kila gari lilihitaji mkono.

Ulihitajika pia msasa mpya. Msasa wa zamani ulikuwa wa gundi inayoyeyuka kwa maji, hivyo watu walisugua kukavu, na rangi za siku hizo zilikuwa na risasi. Si risasi ya bunduki, bali ile madini, inayoingia mwilini kwa vumbi na kuuharibu polepole. Kampuni ya 3M, iliyoanzishwa 1902 huko Minnesota na watu watano waliodhani wamepata mgodi wa kito kigumu cha kunolea, kumbe wamepata jiwe lisilo na thamani, ilikuwa inahangaika na biashara ya msasa kwa miaka mingi. Mwaka 1914 hata shehena ya mchanga wao wa kunolea kutoka Hispania ilimwagikiwa mafuta ya zeituni melini, msasa ukawa unajibandua mikononi mwa wateja. Mkosi juu ya mkosi. Mwaka 1920 ikaja barua ya mtu asiyejulikana, Francis Okie, muuza wino wa Philadelphia, anaomba sampuli za mchanga wa kila ukubwa. Badala ya kuitupa, wakamfuatilia kujua anataka nini. Alikuwa ametengeneza msasa usioogopa maji. Wakamnunua yeye na wazo lake, na mwaka 1921 msasa wa maji ukaingia sokoni. Vumbi likageuka tope, na tope haliingii pafuni. Inasimuliwa kwamba Okie aliuamini msasa wake mpaka akawa anajinyolea ndevu nao badala ya wembe. Mimi nimejaribu kwa namba 2000 kwenye kidevu. Sikushauri.

Msasa huohuo ukazaa kitu kingine. Kijana Richard Drew, aliyeacha chuo kikuu na kuwahi kujipatia riziki kwa kupiga banjo, alikuwa na kazi ndogo ndani ya 3M ya kupeleka sampuli za msasa kwenye karakana za kupigia magari rangi. Siku moja akawakuta mafundi wanatukana. Ilikuwa enzi ya magari ya rangi mbili, na gazeti walilobandika kutenganisha rangi lilipobanduliwa liliondoka na rangi yenyewe. Drew akaahidi kuwatafutia dawa, ingawa si kazi aliyotumwa, na mwaka 1925 akatoa utepe wa karatasi unaonata na kubanduka bila kudhuru. Utepe ule ndio tunaoutumia mpaka leo gerejini. Kila nikiuvuta huwa namkumbuka yule mpiga banjo, asiye na digrii, aliyekuwa anasikiliza matusi ya mafundi kwa makini.

Sasa mikono ilikuwa ya nani? Hapa vitabu vingi vya magari vinapita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Lakini wapo wanahistoria walioandika juu ya wafanyakazi weusi wa Detroit, watu waliokimbia mashamba ya kusini mwa Marekani kutafuta maisha kaskazini. Wanaeleza kwamba viwandani wengi wao walizuiwa kazi za ufundi na wakakwamishwa kwenye zile ambazo wazungu walizikwepa: kumimina chuma cha moto, kupulizia rangi, na kupiga msasa wa maji. Msasa wa maji! Mikono ndani ya tope baridi kutwa, mabega yanawaka moto, halafu gari linatoka linang'aa na kwenye tangazo la gazetini anasimama pembeni yake bibi wa kizungu mwenye kofia. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda nje kidogo. Nilimkumbuka Mzee Rabingi na ngozi ya vidole vyake, iliyolainika mpaka, alituambia mwenyewe, siku ya kuandikishwa kitambulisho mashine ya alama za vidole ilikataa kumtambua.

Bila shaka mashine za kusaidia mkono zilikuja. Drili ya umeme ya kushika mkononi ilitengenezwa na kampuni ya Fein kule Stuttgart mwaka 1895, na ukiwa na kitu cha kuzunguka haichukui muda mtu kukifunga kipande cha manyoya. Mashine za duara zikaenea gerejini. Kwa laka ya zamani hazikuwa na neno kubwa. Laka ilikuwa nene, rangi moja kutoka juu hadi chini. Ukikwangua kidogo unakuta rangi ileile. Mafundi wa enzi hizo walijifunza uzembe ambao gari liliusamehe.

Miaka ya 1980 viwanda vikahamia kwa wingi kwenye mtindo mwingine: rangi nyembamba chini, na juu yake klia, yaani tabaka lisilo na rangi, gumu, linalong'aa lenyewe. Magari karibu yote yanayotushukia bandarini kutoka Japani ni ya mtindo huo. Klia ina unene wa kama mikroni 40 au 50, na unywele wa kichwani kwako una kama 70. Hicho ndicho kiasi ulichopewa, kwa maisha yote ya gari. Kila unapong'arisha unakipunguza. Hili nililijua kwa kuchelewa na kwa gharama: polishi haiongezi kitu. Mkwaruzo ni bonde, na kuufuta ni kushusha milima yote inayouzunguka mpaka ilingane na bonde. Tunachokiita mng'ao ni mwanga unaorudi umenyooka kwa sababu haukupata bonde la kuangukia.

Weka mashine ya duara juu ya klia uone. Uso unazunguka katikati ya ekseli moja, ukingo wake unakimbia sana, katikati hakuna mwendo, na kila chembe ya rabingi inapita njia ileile aliyopita mwenzake. Joto linajikusanya. Mkononi mwa bingwa ni chombo kikali kinachomaliza kazi upesi, sikatai. Mkononi mwa kijana anayewaza sura ya saba kinachoma. Na hata usipochoma, gari likitoka juani unaona mistari ya duara duara kama utando wa buibui, inacheza kila unaposogea.

Mlevi ana siri moja tu. Uso wake haukufungwa katikati ya ekseli. Umesogezwa kando milimita chache na kukalia beringi inayouacha huru. Mota inauchukua uso mzima na kuuzungusha kwenye kiduara kidogo, mara maelfu kwa dakika, na wakati huohuo uso unajizungukia wenyewe polepole, bila mtu kuulazimisha. Mizunguko hiyo miwili haipatani. Kwa hiyo chembe ya rabingi hairudi pale ilipopita. Inaandika, inafuta, inaandika kwingine. Na ukikandamiza kwa nguvu, mzunguko wa uso unasimama, unabaki mtetemeko. Mashine ya duara ukiikandamiza inakula rangi. Mlevi ukimkandamiza anagoma.

Iliundwa kwa ajili ya msasa, kwa sababu seremala naye alikuwa na kilio kilekile cha mistari ya duara kwenye mbao. Mafundi bodi wa Marekani wakawa nayo ya kutumia upepo wa kompresa, wakiiita DA, kwa kulainishia puti na praima. Kilichoifungulia mlango wa kung'arisha ni vitu vidogo. Kimoja ni ule mgongo wa kunatana kama wa viatu vya watoto, uliobuniwa na Mswisi George de Mestral baada ya mwaka 1941 kurudi matembezini na mbwa wake amejaa zile mbegu zinazong'ang'ania suruali ukipita majanini. Hataza yake ni ya 1955. Kwa mgongo huo unabandua msasa na kubandika sponji kwa sekunde mbili. Wamarekani wapenda magari wakazoea mashine ya Porter-Cable iliyoitwa 7424, ambayo ilikuwa ndugu wa tumbo moja wa mashine ya msasa ya seremala, 7336, ya kampuni hiyohiyo. Miaka ya 2010 Waitaliano wa Rupes wakaipanua hatua: badala ya kuyumba milimita nane, iyumbe 15 au 21. Mlevi wa kimataifa.

Wetu wa Keko si wa hadhi hiyo. Hatua yake haifiki milimita tatu na mwendo wake umeandikwa 12,000, wa kulia mbao. Ndiyo maana mjomba alimshusha hadi namba ya chini, na ndiyo maana kazi inakwenda polepole. Nikuambie tunavyofanya, pengine nawe una mashine ya msasa ya baba imelala uvunguni. Gari linaoshwa mpaka usikie ngozi yake kwa kiganja. Kingo zote zinabandikwa utepe wa yule mpiga banjo, maana ukingoni ndiko rangi ilikojificha kidogo. Unachora mstari wa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa uso wa mashine. Huo ndio saa yako: ukiona mstari unazunguka taratibu, kandamizo ni sawa, ukisimama, mkono wako ni mzito. Unachukua eneo la nusu mita kwa nusu mita, unakwenda kushoto kulia, kisha juu chini, mwendo wa konokono. Unafuta, unamulika tochi. Ukijaribu kulimaliza boneti kwa robo saa utakuwa unapaka dawa tu.

Ni hapo kwenye tochi ndipo nilipoona jambo. Mjomba alikuwa ameniambia nifanye nusu ya mlango, nusu nyingine alishaifanya Mzee Rabingi wiki moja kabla kwa mkono. Nikamulika huku, nikamulika kule. Hapakuwa na mistari ya duara upande wowote. Nikamkumbuka anavyosugua: kiganja kinakwenda viduara vidogo, na bega linakihamisha mkono mzima bila kufikiri, vikipishana, havirudii. Miaka mingi ya mainjinia, beringi na hataza, na kitu walichokuwa wanakitafuta kilikuwa pale chini ya mwembe kinakula mihogo.

Nilimwambia. Akacheka, akauliza mashine hiyo kwa gari moja inakula umeme wa shilingi ngapi. Nikamkadiria. Akanyamaza, akahesabu kichwani, na mimi nikahesabu naye. Gari lililokuwa likimpa siku mbili za kazi mimi na Mlevi tunalimaliza kwa siku moja, na mimi nina mshahara tayari. Toka mwezi ule alianza kuitwa mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa wiki mbili. Hakuna aliyemfukuza. Hakuwahi kuajiriwa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kufukuza.

Nilizungumza na mjomba. Nilimwambia Mlevi haingii kwenye kishimo cha nyuma ya kitasa, wala pembeni ya taa, wala chini ya kioo cha pembeni, na wateja huko ndiko wanakoangalia kwanza. Mjomba akaniangalia kwa muda. "Wewe unataka nimlipe mtu kwa ajili ya vitasa?" Nikasema ndiyo. Akasema robo siku kwa kila gari, akatwe kwenye posho yangu ya chakula nikishindwa kupata wateja zaidi. Mpaka leo hajakata, ila huwa ananikumbusha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na gari jeusi, la mtu anayeoa. Nyeusi haina huruma, inaonyesha hata pumzi. Nilimaliza paa na milango saa tisa, nikamzima Mlevi, masikio yakabaki yanalia. Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, ameviringisha fulana kwenye kidole kimoja, kidole kiko ndani ya kishimo cha kitasa. Nikashika tochi nikammulikia. Akaniambia nisogeze kushoto, mwanga unamwingia machoni.